Kiwete wa Asubuhi

Ukitaka kumjua Matonya wa Chunyu usianze na uso wake. Anza na mguu wake wa kushoto, maana mguu huo ndio uliokuwa na jina. Mwaka ule reli ya Mdachi ilipopita Gulwe ikielekea Dodoma, habari za mguu huo zilikuwa zimefika mpaka milima ya Kibakwe, na wachungaji waliokutana kisimani hawakuulizana kama Matonya hajambo. Waliulizana, "Mguu umeamkaje?"

Na mguu, kwa haki ya Mungu, ulikuwa ukiamka vizuri kila siku. Ulikuwa mguu mzima, mnene, wenye shavu lililojaa kama kibuyu cha samli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema neno kuhusu mtu anayeficha afya.

Matonya hakuwa mvivu, mtu asije akamsingizia. Alipokuwa kijana aliwahi kumkamata fahali kwa pembe akamkalisha chini kama mgeni anayekaribishwa uji. Aliwahi kulima shamba la uwele peke yake mpaka jembe likaomba kupumzika. Ila alikuwa na woga mmoja tu, nao ulikuwa wa kiboko. Alikuwa amemwona mtu aliyerudi kutoka kazi ya barabara, aliyepigwa viboko hamsa ishirini mbele ya wenzake kwa sababu ya kulala kidogo mchana, na mgongo wa mtu yule Matonya hakuweza kuusahau. Tena zilikuwapo hadithi za reli. Walisema chuma kimoja kinabebwa na ukoo mzima, na ukoo ukichoka, chuma hakichoki. Walisema mlima ukipasuliwa unakula watu kwanza ndipo unafungua njia.

Basi siku jumbe alipopiga ngoma akitaka mtu mmoja wa kazi ya reli kutoka kila kaya, Matonya alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mguu wa kushoto ameukunja chini yake tangu asubuhi. Aliposimama, mguu ulikuwa umekufa ganzi. Akaukanyaga, ukapinda, akaangukia mlango wa tembe. Bibi mmoja jirani akapiga yowe, "Jamani, Matonya ameshikwa!"

Matonya akafungua mdomo aseme ni ganzi tu. Mdomo ukabaki wazi, neno halikutoka. Watu wakamshika huku na huku, wakampeleka ndani wakimpa pole, na pole ile ilikuwa tamu. Ganzi ikaisha kabla hajafika kwenye ngozi ya kulalia. Kuchechemea hakukuisha.

Akaitwa Mama Chilongola, mganga wa ukoo, shangazi yake Matonya mwenyewe, dada wa baba yake. Huyo alikuwa mwanamke wa maneno machache, na watu walitoka hata Msagali kumfuata. Akaushika mguu, akaunusa, akatikisa kibuyu chake, akasikiliza. Kibuyu kilimwambia nini, anajua yeye. Akasema, "Ni baridi yabisi. Imeingia kwenye mfupa, na mfupa hautaki jembe, hautaki mzigo, hautaki safari. Unataka mafuta ya mkia wa kondoo. Si kondoo mmoja. Kila nyumba ya ukoo ilete mkia wake."

Akamfunga kifundo cha mguu kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, na ukanda ule, kwa desturi, haukatwi ila na mkono ule ule ulioufunga. Anayekwenda kwa mganga mwingine na ukanda wa mganga wa kwanza mguuni ni kama mke anayekwenda kutafuta mume huku uji wa mume wa nyumbani uko motoni.

Jumbe akaja mwenyewe, akamkuta Matonya amelala, mkewe Loisi anamkanda kwa mafuta huku machozi yanamtoka. Loisi alikuwa amebatizwa kwa wamisheni, hilo jina alilipata huko, na machozi yake yalikuwa ya kweli kuliko ya mtu yeyote Chunyu.

"Kaya hii itatoa nani?" jumbe akauliza.

Kaka yake Loisi, Msafiri, kijana aliyezaliwa njiani wakati wazazi wake wanakimbia njaa, ndiyo maana ya jina lake, akasimama. Alikuwa amekuja kwa dada yake kusaidia mifugo tu, wala haikuwa kaya yake.

"Mimi nipo."

"Msafiri, wewe una uchumba wa watu," Loisi akasema.

"Uchumba hauozi, dada." Akamgeukia Matonya akicheka. "Lala, shemeji. Chuma hakinitishi. Mimi nimembeba huyu dada yangu mgongoni toka tukiwa watoto, tena akiwa amenuna."

Watu wakacheka. Matonya akacheka pia, kisha akajigeuza ukutani, na wote wakadhani ni maumivu.

Toka siku hiyo ikawa kazi. Msidhani kuwa kiwete ni starehe. Kiwete wa uongo anafanya kazi kuliko mkulima. Matonya akitoka nje achechemee. Akisikia mbwa anabweka, achechemee. Akiota anakimbia, aamke akitazama kama Loisi amemwona. Alichechemea vizuri mpaka mbuzi wake wakaanza kumwiga, na beberu mmoja, wanasema, aliendelea hivyo hivyo mpaka siku alipochinjwa. Mikia ya kondoo ikawa inakuja. Mjomba akaleta, binamu akaleta, mama mkwe akaleta wa kondoo wake wa pekee, kaufunga kwenye majani kama zawadi ya arusi. Mafuta mengine yalipakwa, mengine aliyala na ugali wa uwele, kwa sababu mganga alisema yaingie kwa nje na kwa ndani. Na Jumapili Loisi alisimama kanisani mbele ya watu wote, akaomba Mungu auangalie mguu wa mume wake. Siku hiyo Matonya alikaa nyuma ya zizi, hakula, hakunywa, akitamani ardhi ya Ugogo ipasuke kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja.

Lakini haikupasuka. Mvua zikaja zikaenda, uwele ukavunwa na wanawake, na ndipo kikaja kitu ambacho hakukitarajia.

Aliumwa.

Si mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto ulikuwa bado unanawiri. Ilianza kiunoni, kwenye nyonga ya kulia, kama mtu amechomeka kijiti cha moto na kila hatua anakizungusha. Ikapanda mgongoni. Ikashuka mpaka goti. Asubuhi alikuwa hawezi kuinama kufunga kiatu. Usiku akigeuka ngozini anauma meno. Akatafuta neno la kumwambia mkewe, na hapo ndipo alipogundua: maneno yote ya maumivu alikuwa ameshayatumia. Alishasema "nakufa", alishasema "kama moto", alishasema "mfupa unasagika". Hakubakiwa na hata moja kwa ajili ya maumivu ya kweli.

"Ah," akaguna.

"Ni mguu?" Loisi akauliza, akinyoosha mkono kwenye kibuyu cha mafuta.

"Ni mguu," akajibu.

Kwa Mama Chilongola hakuweza kurudi. Amwambie nini? Kwamba baridi yabisi imehama mguu? Angetaka mikia mingine, na mikia ya kondoo wa ukoo ilikuwa imekwisha. Tena alikuwa na hofu nyingine aliyoifungia moyoni: huenda wazee waliolala makaburini wamekasirika, wameamua kumpa kwa kweli alichokiomba kwa uongo. Akataka mtu mwingine amtazame, mtu asiyemjua baba yake wala mama yake, amwambie ni nini.

Akakumbuka Mpwapwa. Huko alikuwako mzee mmoja aitwaye Rehani, mkandaji, mtu wa mjini, Mwislamu, aliyefuatana na misafara ya wapagazi kutoka pwani mpaka Tabora tangu ndevu hazijaota. Matonya akamwambia mkewe anakwenda kumtazama ng'ombe wake aliyemweka kwa rafiki, maana kwetu mtu haweki ng'ombe wote zizi moja. Akausukuma ule ukanda wa shangazi juu ya shavu la mguu, akaufunika kwa nguo, akashika fimbo.

Aliposhuka kilima cha mwisho cha Chunyu na kuona hakuna mtu mbele wala nyuma, akasimama. Akapumua. Akasema moyoni, sasa nitatembea kama mwanamume.

Akashindwa.

Alinyoosha mguu wa kushoto, ukakataa kubeba. Akaegemea kulia, nyonga ikapiga kelele. Akajaribu tena, akayumba kama ndama aliyezaliwa leo. Mwili ulikuwa umesahau. Alikaa chini kwenye vumbi, peke yake, hakuna wa kumdanganya, na bado alikuwa kiwete. Aliona aibu mbele ya miiba na mawe.

Nyumba ya Mzee Rehani ilikuwa na baraza, na barazani walikaa wagonjwa wengine wakisubiri: mzee wa goti, mwanamke mwenye shingo iliyopinda, na mpagazi mmoja wa zamani aliyekuja tu kupiga soga. Mkewe Rehani, Mwanamvua, alikuwa jikoni uani akichemsha mafuta ya ufuta na karafuu, na mlango ulikuwa wazi, masikio yake nayo wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Chunyu."

"Ah, Chunyu, maji ya chumvi. Mkipika mchuzi hamtii kitu." Rehani alikuwa mdogo wa mwili, vidole virefu; akamwingiza chumbani, mlango wa barazani ukabaki wazi. "Lala hapa. Mguu gani unaokuumiza?"

"Wa kushoto."

"Na maumivu yako wapi?"

"Kulia."

Mwanamvua akacheka huko uani. "Mume wangu, huyo ni wa kulipa mara mbili!"

"Nyamaza, mwanamke, mafuta yataungua." Rehani akashika mguu wa kushoto, akaubonyeza toka kisigino mpaka paja. Akashika wa kulia. Akarudia wa kushoto. Vidole vyake vikakuta ule ukanda chini ya nguo, vikasimama hapo kidogo, kisha vikapita bila kusema. Matonya akahisi uso wake umekuwa kama jiwe la mekoni.

"Mguu huu umeugua toka lini?"

"Toka mvua zilizopita."

"Mguu ukiugua mvua hadi mvua hukonda, ndugu yangu. Unakuwa kama fimbo ya mchungaji. Huu wako umenenepa kuliko mwenzake. Umeulisha nini?"

"Mikia ya kondoo," Matonya akanong'ona.

"Sema wasikie na hao wa barazani, nao wana miguu."

"Mikia ya kondoo."

Mpagazi wa zamani akapiga makofi. "Loo! Na mimi nitafute mguu kama huo!"

Matonya alitaka kuinuka aondoke, nyonga ikamrudisha chini. Hapo Rehani akaona. Akaacha mchezo, akamwambia ageuke kifudifudi, akaweka gumba kwenye nyonga ya kulia, mahali pale pale penye kijiti cha moto, na Matonya akalia kwa sauti.

"Hayo ni ya kweli," Rehani akasema polepole. "Haya hayana uongo." Akafunga mlango wa barazani kwa mguu, akainama karibu na sikio lake. "Sikiliza. Katika msafara, mizigo ikigawiwa alfajiri, viwete walikuwa wengi kuliko mizigo. Jioni nyama ikigawiwa wote wamepona. Tuliwaita viwete wa asubuhi. Sikuwachukia, mzigo ni mzigo. Lakini wale walipona jioni, mwanangu. Wewe umekuwa kiwete asubuhi, mchana, jioni na ndotoni. Mguu wako mzima umeupumzisha, mwenzake umeubebesha mwili wote, umepinda kama mti wa njiani. Nyonga imechoka, mgongo umevutwa. Hukurogwa. Hakuna mzimu. Umejifanyia mwenyewe."

Matonya angependa zaidi kuambiwa amerogwa.

"Dawa ni nini?"

"Nitakukanda leo. Nyumbani ujikande kwa maji ya moto. Halafu utembee sawasawa, miguu miwili, kila siku, mbele ya kila mtu. Ukiendelea hivi mwaka mwingine utakuwa kiwete wa kweli, na hapo hata mimi usinitafute."

"Hakuna dawa nyingine, mzee? Ya kunywa?"

"Ipo. Unywe aibu. Mara moja, usiitafune."

"Nikitembea sawasawa wataniuliza."

"Watakuuliza."

"Nitawajibu nini?"

"Mimi ni mkandaji wa viungo," Rehani akasema. "Ulimi umo kinywani mwako."

Alimkanda mpaka jua likapinda. Njiani kurudi, asubuhi ya pili, Matonya alijaribu tena na tena, hatua, hatua, na ingawa aliuma meno, miguu ilianza kukumbuka. Kadiri alivyotembea, ndivyo hila ilivyomrudia. Akajiambia: nitapona kidogo kidogo. Wiki hii nitaacha fimbo, wiki ijayo nitachechemea nusu, mwezi ujao shangazi atakata ukanda wake mbele ya watu na sifa zitakuwa zake, na hakuna atakayejua. Kila mtu atakuwa na heshima yake. Akafurahi. Alipoziona tembe za Chunyu, bila hata kufikiri, mguu wa kushoto ukaanza kuburuta.

Akaingia kwake hivyo, akiburuta, na akamkuta Msafiri.

Msafiri alikuwa amelala juu ya ngozi kwenye kivuli cha ukuta, kifudifudi, na mgongo wake ulikuwa umevimba kando ya uti. Yeye na wenzake walikuwa wamebeba chuma cha reli begani, wengi kama ukoo mzima, vile hadithi zilivyosema, na wa mbele akajikwaa, uzito wote ukamwangukia Msafiri. Wenzake walimsogeza kwa gari la mawe mpaka Gulwe, kisha wenye punda wakamleta. Loisi alikuwa amepiga magoti kando yake na kibuyu cha mafuta mkononi, anakikwangua ndani kwa kijiti. Kwangu, kwangu, kwangu. Hakikuwa na kitu.

Mama Chilongola alikuwa amekaa pembeni, ameshika kidevu.

"Mbukwa, shangazi," Matonya akasalimu.

"Mbukwa. Umerudi na mguu wako, pole." Akashusha pumzi. "Huyu kijana anataka mafuta ya mkia, na ukoo hauna mkia. Nimeuliza nyumba zote. Kondoo wa watu waliobaki hawana mikia, wamebaki na aibu tu. Lakini hatujutii. Tulikupa wewe, mwanangu, mgonjwa ni mgonjwa."

Alisema hivyo kwa wema, na wema ule ulimkata Matonya kuliko kiboko cha Mdachi chochote.

Msafiri akageuza kichwa. Uso ulikuwa umekauka, lakini akajaribu kucheka. "Shemeji. Njoo ulale hapa kando yangu, ngozi ni pana. Wewe ni mgonjwa wa zamani, utanifundisha."

Matonya hakulala. Hakukaa. Alisimama na fimbo yake kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Kuna mzee Mpwapwa anakanda migongo," Loisi akasema, bila kumtazama shangazi. "Wanamsifu sana huko misheni."

Mama Chilongola akavuta mdomo. Kisha akautazama mgongo ule, akasema, "Mpelekeni. Hapa mimi mikono yangu mitupu. Lakini nani atambeba? Wanaume wako relini, wachungaji wako mbali na mifugo."

"Mimi nitashika upande mmoja."

"Na upande wa pili?"

Hakuna aliyemtazama Matonya. Hawakuona sababu ya kumtazama. Mtu hatazami kigoda kilichovunjika akiulizwa akae wapi.

"Msihangaike," Msafiri akasema. "Nikipumzika kesho nitatambaa."

Ndipo Matonya akaiegemeza fimbo ukutani. Akaenda nyuma ya zizi akatoa miti miwili ya kuezekea, akaileta begani. Akafunga ngozi kati ya miti, akaikaza kwa kamba, goti moja chini, goti jingine juu. Akasimama bila kushika kitu. Kila alichofanya alikifanya kwa miguu miwili, na kila hatua ilimuuma nyonga na kumuuma zaidi uso. Alisikia kimya cha wanawake wale nyuma yake kama mtu anavyosikia mvua inakuja.

"Matonya," Mama Chilongola akaita, sauti ndogo.

"Naam, shangazi."

"Geuka."

Akageuka. Akatembea hatua kwenda kwake, mguu wa kushoto ukakanyaga ardhi wote, kisigino mpaka vidole. Mama Chilongola aliutazama. Aliutazama ukanda wake wa ngozi ya mbuzi, uliokuwa umeteremka mahali pake. Akavua kitambaa cha kichwa, akajifunika uso. Kutoka ndani ya kitambaa akasema, "Umenifanya niseme uongo kwa kinywa changu cha kweli."

Matonya akashika miti upande wa mbele, Loisi wa nyuma, wakamwinua Msafiri.

Walitoka kijijini mchana, jua kali, watu wako milangoni. Bibi yule jirani aliyepiga yowe siku ya kwanza alibaki na mkono mdomoni. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mguu umeamkaje leo, Matonya?" na wengine wakacheka, na Matonya akaendelea, maana mtu aliyebeba machela hawezi kuficha uso.

Mkewe alikuwa nyuma, macho yake kwenye visigino vya Matonya. Walipofika kwenye korongo la mchanga wakamteremsha mgonjwa kidogo.

"Baba Hana," akaita. Hana ni binti yao mdogo, aliyekuwa akilelewa kwa bibi yake. "Nilipokuombea kanisani, ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Mama alipoleta mkia wa kondoo wake?"

"Hapana."

"Msafiri alipoondoka?"

Msafiri alikuwa kati yao, juu ya ngozi, macho wazi.

"Hapana," Matonya akasema. "Sikuwa naumwa."

"Na sasa?"

"Sasa naumwa."

"Wapi?"

"Kulia."

Loisi akachota mchanga, akausugua mikononi ili isiteleze. "Inua," akasema. "Mgonjwa anapigwa jua."

Barazani kwa Mzee Rehani watu walikuwa wale wale, maana ugonjwa wa viungo hauna haraka. Mzee akatoka, akamwona Matonya, akamwona mwanamke nyuma, akaelewa. Ni mtu aliyezoea siri za wagonjwa. Akamkazia macho kama mgeni kabisa.

"Karibuni. Mnatoka wapi?"

Mzee alikuwa amemfungulia mlango wa kujificha, Matonya aliona. Angeweza kupita ndani yake na Loisi asijue kwamba jana hakuwako kwa ng'ombe. Alimwangalia mzee, akaona huruma, na akachoka na huruma.

"Mzee, unanijua," akasema mbele ya mpagazi wa zamani na mwanamke wa shingo na Mwanamvua aliyekuja na kijiko. "Nilikuja jana. Mimi ndiye wa mikia. Huyu ndiye aliyekwenda relini badala yangu."

Safari hii Mwanamvua hakucheka. Akaenda kuchukua mafuta.

Msafiri alibaki Mpwapwa mpaka aliposimama. Hakupona sawasawa, mgongo wake haukubeba tena kitu kizito kuliko mtoto, ingawa uchumba, kama alivyosema, haukuoza. Jumbe alipopata habari alimtoa Matonya kwenda kupasua mawe ya barabara ya boma, jua mpaka jua, na huko hakuna aliyemwita kwa jina lake, waliulizia mguu tu. Alijibu. Watu waliokuwa wakienda kwa Mama Chilongola wakapungua, wakisema kibuyu chake hakitambui mguu mzima na mbovu, na hilo Matonya alilibeba zaidi ya mawe. Alipeleka kuni mlangoni kwake siku nyingi. Alizikuta zimetumika, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Ukanda hakuukata mtu. Ulioza, ukakatika wenyewe.

Nyumbani Loisi alimpa chakula, alimpa maji, alimpa kazi. "Mzee Rehani anasema mgongo wa Msafiri ukandwe kila jioni," akasema siku walipomrudisha. "Utamkanda wewe."

Basi kila jioni Matonya alirudi na vumbi la mawe, akanawa, akapasha mafuta ya ufuta, akapiga magoti kando ya ndugu wa mkewe. Msafiri alilala kifudifudi, kimya. Hakumtukana, na angemtukana ingekuwa nafuu. Zamani walikuwa watu wa kutaniana mpaka ng'ombe wanashtuka. Sasa Matonya alikanda mgongo wa mtu aliyekuwa kama mlango uliofungwa. Hakujua anakanda vizuri au vibaya. Alikumbuka tu vidole vya mzee na kujaribu.

Uwele ulipandwa, ukaota. Jioni moja Matonya alikuwa ameweka gumba kando ya uti, anasukuma, anafikiria mawe ya kesho, ndipo Msafiri akavuta pumzi.

"Chini kidogo," akasema.

Matonya akashusha vidole, akakanda hapo.